Kushindilia espreso nyumbani: mkono uleule, jibu kila siku jingine

CherehaniYaNgamiani
Jumatatu, saa 3:40 usiku

Asalaam alaykum, na wasio wa salamu hiyo habari za jioni.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Chumba cha mbele ndiyo karakana, nyuma ndiyo maisha. Shemeji yangu alikuja likizo kutoka Muscat na mashine ya espreso, hizi ndogo za nyumbani, akainywea wiki mbili. Siku ya kuondoka mzigo ukazidi kilo, akasema, "Baki nayo, si wewe mtu wa kahawa?" Kweli mimi mtu wa kahawa, ila kahawa yangu ni ya dele, ile inayokufuata mpaka barazani kwa mlio wa vikombe, mkono wa pili una kashata. Hii ya kushindilia nimekutana nayo ukubwani.

Nisaidieni jambo moja tu: mkono. Kile kikapu cha chuma nakijaza kahawa iliyosagwa, nachukua tampa, kile kidude cha kukandamizia, iliyokuja ndani ya boksi (ya plastiki, nyepesi kama kizibo), nashindilia, nafunga, nawasha. Siku ya kwanza maji yalipita kama bomba lililopasuka, sekunde 11 kikombe kimejaa, rangi kama chai ya msibani. Siku ya pili nikasema leo utanikoma. Nikashindilia kama gobore. Sekunde 44, yakatoka matone meusi, machungu hadi masikioni. Kuanzia hapo nikaamua kutafuta katikati, na kwa kuwa mimi mtu wa vipimo nikawa naandika kwenye daftari la wateja, baina ya kiuno cha huyu na nyonga za yule:

Jumatano, nguvu ya wastani, sekunde 19.
Alhamisi, nguvu ileile (nilivyoona mimi), sekunde 38.
Ijumaa kabla ya swala, ileile, sekunde 13, na ikarusha upande mmoja ikaipata kanzu ya mteja.
Jumamosi sikunywa. Kiwiko kinauma.

Kanzu niliifua mwenyewe usiku uleule, mwenyewe hajui, naomba asiwe anapita huku.

Kahawa ni arabika ya Lushoto, nimeletewa na mteja, imekaangwa juma lililopita. Nasaga kwa kinu cha kuzungusha kwa mkono, usiku kabla ya kulala, maana alfajiri kile kinu kinaamsha nyumba nzima. Napima kwa kijiko, viwili vya kujaa.

Watu wanasema shindilia kwa kilo 15. Sasa kilo 15 mkononi mtu anazijuaje? Mguu wangu kwenye pedali ya cherehani unajua kazi yake hata nikisinzia. Mkono huu nitaufundishaje?

---

Baharia_Mstaafu
Jumatatu, saa 4:05 usiku

Wa alaykum salaam fundi. Jambo jepesi hilo. Tafuta mizani ya kupimia watu, ile ya kukanyaga. Iweke mezani, juu yake weka kishikio na kikapu chake chenye kahawa, irudishe kwenye sifuri. Shindilia ukitazama namba mpaka isome 15. Rudia mara 20. Kisha fumba macho, shindilia, fumbua, tazama. Ukiwa kati ya 14 na 16 mara kumi mfululizo, umehitimu.

Hiyo 15 yenyewe ilianza kama pauni 30, yaani kilo 13 na nusu hivi, watu wakaiongezea ikawa namba nzuri ya kutamka. Mimi nilijifunzia jikoni melini, meli inayumba. Wewe mwenye sakafu iliyotulia huna kisingizio.

---

MwanaWaDele
Jumatatu, saa 4:31 usiku

Fundi nakuheshimu, lakini nimecheka peke yangu. Marehemu baba kauza kahawa hapo hapo Ngamiani, kuanzia alasiri mpaka watu wa bao wachoke. Inakaangwa mpaka nyeusi, inatwangwa kinuni, inachemka na tangawizi juu ya mkaa. Sikumwona akishindilia kitu isipokuwa tumbaku ya kiko. Na sikuona mteja aliyeshika saa.

Ila niseme moja la maana kabla sijafukuzwa. Unasaga usiku, unanywa alfajiri, Tanga hii hii? Mji ambao chumvi inalia maji ndani ya kikopo, na biskuti ukiisahau wazi asubuhi unaikunja kama kitambaa? Mzee alitwanga ya siku hiyo, ikibaki anaitia kwenye chupa anaibana kizibo. Alikuwa akisema unga wa kahawa una pua kali kuliko ya jirani, kila kinachopita hewani unakivuta. Siku ya mvua na siku ya kaskazi unga huohuo hauwi huohuo. Sijui espreso, lakini unyevu naujua.

---

Binti_Raskazone
Jumanne, saa 1:15 asubuhi

Shikamoo mjomba fundi. Nimekuwa barista miaka minne, hoteli moja Dar, sasa niko nyumbani nalea. Kuna siku za msimu nilishindilia mpaka nikapoteza hesabu, na kifundo changu cha mkono wa kulia hadi leo kinatabiri mvua kabla ya redio. Kwa hiyo nianze na hicho kiwiko chako, kwa sababu kahawa ikiharibika utatengeneza nyingine, kiwiko kikiharibika nguo za watu utazishona na nini?

Usishindilie kwa misuli ya mkono. Simama ubavu kidogo, kiwiko juu ya tampa, mkono ushuke wima kama unabofya muhuri, kifundo kisikunjike. Kisha uzito wa bega ndio unaoshuka. Ukiona mishipa imesimama, umekwenda vibaya.

Sasa hizo kilo. Namuomba radhi babu Baharia, lakini namba hiyo imewatesa watu bure. Unga wa kahawa ukiusukuma, hewa iliyo kati ya chembe inatoka, chembe zinabanana, halafu zinagoma. Zikishagoma, ukiongeza nguvu hupati kitu. Utausikia mkononi: mwanzo unazama kama mchanga mkavu, ghafla unakuwa kama sakafu. Hapo acha. Kama si kilo 15 ni 12, au 18, kikombe hakitajua. Tena fikiria maji yenyewe. Espreso inakamuliwa kwa msukumo wa maji wa bar 9 hivi (hiyo bar 15 iliyoandikwa kwenye boksi lako ni uwezo wa pampu tu). Vikapu vya mashine ndogo vingi vina upana wa milimita 51. Bar 9 juu ya duara la upana huo ni mzigo wa karibu kilo 187. Sasa wewe umekuja na kilo zako 15 unatoka jasho, maji yanakuja na 187. Hizo zako ni salamu tu.

Kinachokuangusha ni kitu kingine, na umekiandika mwenyewe bila kujua: "ikarusha upande mmoja." Maji ni mavivu. Yakikuta kahawa imelala mshazari, huku nene huku nyembamba, yanakimbilia pale pembamba, yanatoboa mfereji, yanapita hapo hapo yote. Sehemu hiyo inakamuliwa mpaka uchungu, nyingine inabaki karibu kavu, ndiyo maana kikombe kimoja kinakuwa kichungu na kichachu kwa pamoja. Ukimaliza kunywa, gonga kikapu utoe lile bonge lililobaki, litazame. Likiwa na tundu, au upande mmoja umevimba na wa pili umebonyea, hukumu ndiyo hiyo.

Kwa hiyo tampa ikae sawa kabisa. Kidole gumba na cha shahada viguse ukingo wa kikapu pande mbili wakati unashuka. Vidole vitakuambia upande gani umetangulia. Kabla ya hapo, tandaza kahawa. Ikitoka kinuni inakuwa na mabonge, na bonge ulilolishindilia linabaki bonge. Kuna Mmarekani, John Weiss, mwaka 2005 alieneza njia ya kuikoroga kwa sindano ndani ya kikapu, na faneli yake ilikuwa kikombe cha mtindi kilichokatwa kitako. Watu leo wananunua vifaa vya bei, lakini wewe mjomba sindano zimejaa nyumbani. Chukua zile nyembamba za kushonea kofia, nne au tano, zichome kwenye kizibo cha chupa, koroga polepole kuanzia chini mpaka unga uwe laini kama ungo umepita, sawazisha juu, ndipo ushindilie. Mara moja. Usigonge kikapu ubavuni baada ya kushindilia, utaipasua kahawa iachane na ukuta.

Kijiko kiweke pembeni, kijiko cha kujaa cha leo si cha jana. Pata mizani ya gramu. Anza na gramu 15 za unga, lenga gramu 30 kikombeni kwa sekunde 25 hadi 30. Ikitoka mbio, saga laini zaidi. Ikikaba, saga chenga zaidi. Mwendo unarekebishwa kinuni, mkono usiuguse kabisa. Mkono kazi yake ni kufanya jambo lilelile kila siku, kama mashine ya muhuri, usiwe na maoni.

Nina maswali mawili. La kwanza: mashine hizi huja na vikapu zaidi ya kimoja. Geuza ulicho nacho, tazama kitako: kina matundu mengi kama chujio, au kwa nje kina kitundu kimoja tu? Chenye kitundu kimoja kinajitengenezea kizuizi chenyewe, hapo kushindilia hakubadilishi mambo sana. La pili: unashindilia juu ya nini?

---

CherehaniYaNgamiani
Jumanne, saa 7:20 mchana

Marahaba binti yangu, Mungu akuhifadhi. Nimeacha suruali ya mtu mezani nimekwenda kutazama.

Kikapu: vipo viwili, vyote ndani ya kabati la vyombo. Kimoja matundu mengi, kimoja kitundu kimoja. Nimemuuliza mama watoto unaniwekea kipi ukishaosha. Kanijibu, "Chochote kilichokauka." Nimekaa kimya, maana vyombo anaosha yeye na ndoa bado naitaka. Lakini daftari langu lote sasa ni la mashaka, sijui Alhamisi ilikuwa ya kikapu gani. Hicho cha kitundu kimoja nimekifunga kwenye mfuko, nimekitundika juu ya mlango.

Swali la pili ndilo limenitoa pumzi. Nilikuwa nashindilia juu ya meza ya kupigia pasi, maana soketi iko pale. Meza yenyewe imevikwa blanketi la kijivu mikunjo miwili na shuka juu. Kishikio kina midomo miwili chini. Nikikandamiza, mdomo mmoja unazama blanketini, chombo kinainama, nami nakifuata huku naamini nimenyooka. Miaka 22 namwambia kila mwanafunzi wangu asikate kitambaa juu ya kitu kinachobonyea!

---

Randa_na_Patasi
Jumanne, saa 2:10 usiku

Fundi mwenzangu pole. Mimi seremala, sinywi kahawa, daktari kakataza, ila mada imenishika kwa ile tampa ya plastiki. Umeipima? Zinazokuja ndani ya boksi mara nyingi ni nyembamba kuliko kikapu. Ikipungua milimita mbili, unabaki na duara la kahawa ukutani ambalo halijakandamizwa, na tampa yenyewe ina nafasi ya kulala upande. Hapo hata meza ya jiwe haikusaidii.

Nina mashine ya kukereza. Naweza kukutolea ya mninga au ya mpingo, kitako bapa, iingie kikapuni kama pistoni lakini isikwame. Mpingo nitapendelea, ni mti unaozama majini, uzito wake wenyewe unakusaidia kuituliza. Ila usije kuiloweka sinkini na sufuria. Futa kwa kitambaa, mara moja moja paka mafuta ya nazi kidogo. Nipe kipimo cha ndani cha kikapu kwa vernia, si kwa rula. Pima chini kidogo ya ukingo, maana vingine vinabana kuelekea chini.

---

Baharia_Mstaafu
Jumanne, saa 2:48 usiku

Kwa hiyo mizani yangu ya kukanyaga nikaitupe baharini?

---

Binti_Raskazone
Jumanne, saa 3:02 usiku

Hapana babu, usiitupe. Kwa anayeanza inafaa sana: inamwonyesha kwamba alichodhani ni "nguvu ya wastani" jana kilikuwa 9 na leo 26. Ila baada ya wiki aiachie wenye kutaka kupungua.

---

CherehaniYaNgamiani
Jumatatu iliyofuata, saa 4:15 usiku

Nimerudi na daftari.

Kwanza mahali. Cherehani langu la kwanza lilikufa zamani, ikabaki meza yake na miguu ya chuma cha kumimina. Mbao ngumu, haitikisiki, na kwa kuwa ni meza ya mtu aliyekaa, mimi nikisimama inakuja chini ya kiuno, mkono unashuka wima wenyewe kama alivyosema binti. Nimeisogeza jikoni. Kiwiko siku ya tatu kimenyamaza.

Mizani ya gramu nimeazima kwa sonara, jirani. Kaniuliza unapima nini, nikamwambia kahawa, akanitazama kwa huruma. Nikapima vile "vijiko viwili vya kujaa" vyangu mara tano: 12, 16, 13, 17, 14. Basi mwenyewe nilikuwa nashangaa nini!

Kusaga nasaga asubuhi sasa, MwanaWaDele nimekusikia. Nimekizungushia kinu kitambaa cha flana na nakwenda kusagia barazani, nyumba inalala. Sindano za kofia nne kwenye kizibo. Faneli nimekata kitako cha kikombe cha mtindi, heshima kwa Mmarekani.

Siku mbili za mwanzo bado ilikimbia, sekunde 17 na 18, lakini sasa 17 na 18! Sijawahi kupata namba mbili zilizo majirani tangu nianze. Nikaacha mkono kama ulivyo, nikabana kinu kliki mbili. Sekunde 28. Kesho yake 27.

Hapo ukaniingia ubishi. Jumapili nikaazima na mizani ya kukanyaga, Baharia usijali, nikafanya kesi yenu ya kilo. Kahawa ileile, gramu 15, kinu palepale, kila moja imekorogwa na kusawazishwa. Kwa kilo 8: sekunde 26. Kwa kilo 15: 28. Kwa kilo 22, nikiwa nimeuma meno: 29. Halafu ya nne nikairudisha kwenye 15 lakini makusudi nikainamisha tampa, unene wa ukucha tu upande wa kulia. Sekunde 14, na ikarusha. Safari hii nilivaa aproni.

Yale mabonge yaliyobaki nimeyapanga kwenye sahani, mtoto wangu wa mwisho kaja kaniuliza kashata za nani. Matatu yamekaa sawasawa, yanatoka mazima. La nne lina kitundu pembeni kama cha mchwa, na pale pamepauka, rangi yote imesombwa. Ningejua kupiga picha nzuri ya usiku ningewawekea.

Ladha nayo ni kitu kingine, sitasema sana. Ile arabika ya Lushoto nilikuwa naidhulumu. Ina utamu kama wa ukwaju ulioiva mwishoni, kwenye dele sijawahi kuupata, ingawa ya dele nitaendelea nayo alasiri kwa sababu espreso hainiletei habari za mtaa.

Limebaki jambo moja linanikera. Nikiwa na haraka, mteja kasimama mlangoni, mkono wa kulia bado unatangulia kidogo mbele. Vidole vinaniambia lakini nakuwa nimeshamaliza. Binti, mlipokuwa na foleni mlifanyaje?

---

Binti_Raskazone
Jumatatu, saa 4:40 usiku

Mjomba, tulikuwa tunashusha mara mbili. Ya kwanza nyepesi sana, tampa inagusa tu na kukaa. Unasita nusu pumzi, vidole vinazunguka ukingoni kukagua. Ya pili ndiyo ya kushindilia. Ukiwahi kuikuta imeinama kwenye ile nyepesi, inanyooka. Ukishaikandamiza imeinama, usijaribu kuinyoosha kwa kukandamiza upande wa pili, unapasua tu. Ikoroge upya uanze.

Na mteja wa mlangoni mpe kiti.

---

MwanaWaDele
Jumatatu, saa 4:52 usiku

Mpe kiti na mimi pia. Kesho baada ya alasiri nitakuwa Ngamiani. Kashata naleta mwenyewe, za kweli.

---

CherehaniYaNgamiani
Jumatatu, saa 5:03 usiku

Karibu, ila uje na kikombe chako, vya espreso ninavyo viwili na kimoja hakina mkono.

Randa_na_Patasi, nimepima kwa vernia ya fundi baiskeli wa hapa jirani: ndani ya kikapu, chini kidogo ya ukingo, 51.2. Tampa ya plastiki 49. Nataka ya mpingo. Kitako fanya 51 kamili, mpini mfupi, unene wa mrija wa uzi, ujae kiganjani. Malipo kama utakubali nusu pesa nusu kushonewa, naona kwenye picha yako ya wasifu ile kola ya shati imechoka.